Lita Arubaini

Maji ya bomba letu hapa Mabela
yalikuwa bahari juzi tu.
Huko kiwandani yakavuliwa chumvi,
yakachujwa, yakatumwa kwangu hayana kwao,
nami nimelipa riali kumi na mbili na nusu
kwa ndoo ya chumvi
ili niyarudishie walichoyanyang'anya.

Zuwena kasimama mlangoni, taulo begani:
"Bahari ipo Sib, robo saa kwa gari."
Namwambia maji ya ufukweni yana mafuta ya maboti.
Namwambia Biju wa dukani Wadi Kabir kakataza.
Hanijibu. Anatandika taulo chini ya meza,
maana ananijua.

Nakoroga kwa mwiko wa biriani.
Chumvi inazunguka kama ukungu, kisha haipo.
Kipimo kinaelea, kinasitasita, kinatulia:
moja nukta sifuri mbili tano.
Sijapenda tarakimu namna hii
tangu ile ya mizani, siku aliyozaliwa Thuwaiba.

Kisha mchanga. Kisha mawe.
Kisha hakuna.

"Mwezi mzima," alisema Biju, kidole juu,
"usitie chenye roho."
Basi jioni tunakaa kochini, kiyoyozi kikinguruma,
watu wazima wawili na mtoto,
tunatazama mawe yakilowa.
Humaid wa ghorofa ya juu kaja kuazima chaja,
kauliza samaki wamejificha wapi.
Nikamwonyesha vichupa vyangu vya kupimia,
amonia ilivyopanda, ilivyoshuka,
nitriti ilivyopokea zamu.
Wamo viumbe humo, nikasema, ila hawaonekani.
Akasema alhamdulillahi, akaondoka na chaja.

Wiki ya tatu kila kitu kikageuka kahawia,
kioo, mchanga, mawe,
kama mtu kamwagia chai ya maziwa.
Nikampigia Biju usiku, koo limenikauka.
Akacheka. "Hongera," akasema.
"Sasa njoo ununue konokono."

Ijumaa Mama akaja kutoka Ibra.
Akavaa miwani, akaliinamia jiwe kubwa.
"Hili si tumbawe?"
Ndilo.
"Ukuta wa chumba nilichozaliwa, Malindi kule Unguja,
ulikuwa wa hili. Ukiegemea linakukwangua mgongo.
Mengine yakatiwa tanuuni, yakatoka chokaa.
Umelinunua kiasi gani?"
Nikataja nusu ya bei.
Akaniangalia vile anavyoniangalia nikisema uongo,
akavuta kiti.

Ni yeye aliyekiona kwanza.
Kwenye kitundu cha jiwe, chembamba kama tundu la sindano,
kikachomoza kitu: shada la nyuzi nyeupe,
mfano wa pepeo la ukili, dogo, dogo mno,
likafunguka, likapepea.
Thuwaiba akagonga kioo. Hakuna tena.
Kiumbe hiki hatukukinunua.
Kilipanda na jiwe bila tiketi,
kikakaa gizani wiki tano
kikituvumilia.

Siku hizi kila asubuhi maji yamepungua
upana wa kidole. Joto la Juni halipigi hodi.
Mwanzoni niliongeza maji ya chumvi, nikakosea,
konokono wawili wakalipia ujinga wangu.
Kinachokwenda hewani ni maji matupu.
Chumvi haiendi popote.
Kwa hiyo tunaongeza maji matamu,
na kazi hiyo ni ya Thuwaiba.
Anapanda kigoda na kikombe kidogo cha kahawa,
anahesabu kama wanavyohesabu shuleni kwake,
wahid, ithnein, thalatha,
mpaka maji yaguse alama ya kalamu.
Ndipo anapogeuka
kwa huyu aliyesema atarudi Ibra Jumamosi,
Jumamosi tatu zilizopita:
"Bibi, yametosha?"

"Tia kimoja tena," anasema Mama,
hajaondoa macho kwenye kile kitundu.
"Tena taratibu. Usimshtue."