Mgeni wa Siku Moja

Mgeni wa siku moja hapewi jembe, hupewa historia.
Ndiyo kazi yangu mimi, Lei Yufen, mwongozaji,
hapa Pingyao, mwaka wa kumi na moja sasa,
na leo nina mtu mmoja tu, kalipia siku nzima:
Geng Baoshan wa Harbin, kofia ya zamani ya reli kichwani.
Nilimngoja Lango la Kusini saa mbili asubuhi.
Bango lenye jina lake alilisoma mbele,
akaligeuza, akasoma na nyuma
ambako hakuna kitu.

Nikaanza: ukuta huu mzingo wake kilomita sita,
minara sabini na miwili, meno elfu tatu,
ati ndio idadi ya wanafunzi wa Konfusio...
"Kichochoro cha Mitungi kiko wapi?"
Tutafika, mzee. Kwanza benki ya kale,
ambako makarani walificha tarakimu ndani ya mashairi
ili mwizi akiiba hati aibe maneno matupu.
Hapo akasimama. Akatikisa kichwa taratibu.
Akatoa mfukoni karatasi iliyochoka kwa kukunjwa.

Si ramani. Ni maneno ya mkewe, Qiaolan,
aliyoyadondosha jikoni miaka arobaini
akimenya vitunguu saumu, akigombana na redio,
naye mume akayaandika baada ya mazishi
kabla hayajamponyoka:

    Mkunazi ulioinamia kisima.
    Mlango mweusi, pete moja haipo.
    Jiwe la mlangoni limebonyea kama upawa,
    mvua ikinyesha shomoro wanaoga humo.

Historia naijua. Hiyo haimo.

Tulibisha milango minne.
Wa kwanza, nyama ya ng'ombe ndani ya pakiti; muuzaji akatuonjesha.
Wa pili, kufuli.
Wa tatu, kijana ambaye hakuinua macho kwenye simu.
Wa nne siku hizi ni nyumba ya wageni:
taa nyekundu za karatasi zenye waya wa umeme,
mawe mapya ya ngazi, yamekatwa kama tofu,
na pale pa mkunazi, kama palikuwa na mkunazi,
kiyoyozi kinadondosha maji.
Nikamuuliza mwenye nyumba kwa lahaja yetu.
"Nilinunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu,"
akasema Bi Hou, akaendelea kuanua mashuka.

Mimi, ambaye sijakosea mwaka hata mmoja wa mfalme yeyote,
nikaliona jiwe la jirani. Limebonyea.
Kwa miguu, kwa mvua, kwa mchi wa mtu, nani ajuaye?
"Ndilo hili," nikasema.

Akapiga magoti kwa awamu: goti moja, akapumzika, kisha la pili.
Akalaza kiganja ndani ya shimo. Kikaenea.
"Alisema liko kushoto kwa mlango."
"Walihamisha mlango," nikajibu upesi.
Uongo wa kwanza una mfupa; wa pili humezwa bila maji.
Akacheka kwa pua.
"Binti, nimekagua tiketi treni za usiku miaka thelathini na minane.
Ya kughushi naitambua kwa kidole."
Lakini mkono hakuutoa.

Tukakaa pale mpaka jua likahamia ukuta wa pili.
Yai moja lililochemshwa kwa chai, nusu yake, nusu yangu.
Hekalu hatukuliona, wala duka la sanduku za rangi ya laka
ambako hupata kamisheni.
Mara moja tu aliuliza: "Ukuta ulisema kilomita ngapi?"
Sita.
"Qiaolan alisema hauzunguki mtu ukaisha."

Jioni, stesheni. Mashine ya langoni ikasoma kitambulisho chake,
ikalia, ikajifungua yenyewe.
Alikwisha kuvuka, naye bado kanyoosha mkono nyuma,
kiganja wazi,
akingoja mtu amrudishie kitu.