Asiye na cha Kutia Maji

Baba aliandika nyuma ya kalenda ya duka la dawa,
kwa penseli aliyoichonga kwa wembe:
*Aoge Jumamosi tu. Maji ya vuguvugu, kama ya mtoto.
Sabuni isiyonukia.
Usimsugue kama sufuria, Nélida.*
Alinijua.

Nimekuja kwa basi la usiku kutoka Lima,
na hapa Chiclayo Julai inadondosha manyunyu
yasiyothubutu kuwa mvua.
Duka limefungwa tangu msiba.
Kiti cha chuma kinazunguka bado ukikigusa kwa kidole,
na chini yake, juu ya gunia, yule mbwa,
mweusi, uchi, Tizón jina lake,
kinga cha moto ambacho wiki tatu hakuna aliyekichochea.

Ngozi imekauka, imefanya magamba kwenye viwiko.
Mgongoni chunusi, nyeusi, kama ufuta uliounguzwa.
Masikio yamebabuka pembeni:
kuna mtu alimwacha nje siku jua lilipochomoza.
Nilitaka kumkasirikia mtu huyo,
lakini walau yeye alikuwepo.

Namwinua kumtia beseni. Mungu wangu, joto lake!
Ndiyo maana Bi Domitila wa ng'ambo ya barabara
alikuwa akija kumwazima kila kipupwe,
akamlaza juu ya magoti yenye baridi yabisi,
akamrudisha asubuhi na kipande cha jibini,
kodi ya jiko.

Husemwa mwenzio akinyolewa, zako tia maji.
Huyu ameona wenziwe wakinyolewa miaka kumi na mmoja,
tangu mlango kufunguliwa hadi taa za barabarani,
na hakuwa na cha kutia maji
ila kishungi kile utosini, nywele saba au nane
zilizosimama kama zimesikia habari.

Tena Baba alikosea mwanzoni.
Alimpaka mafuta ya lozi asubuhi, kabla ya wateja.
Nywele zikaanguka, zikanata.
Saa sita mchana mbwa akatoka mlangoni amevaa joho:
mvi za hakimu mstaafu,
mawimbi mekundu ya Yesenia muuza samaki,
upara mpya wa kuruta mmoja, wote, mgongoni.
Watoto wakaanguka kwa kicheko.
Yeye akatembea polepole, kwa heshima,
kama mtu aliyeazimwa koti na anaogopa kulichafua.
Ndipo kalenda ikaongezwa maneno, yakapigiwa mistari miwili:
*Mafuta jioni. Baada ya kufagia.*

Kitambaa cha moto mgongoni, mpaka vinyweleo vifunguke.
Nabonyeza kwa nyama ya kidole, si kwa kucha.
Pamba masikioni. Kinywani meno machache,
mapengo aliyozaliwa nayo,
ulimi umechoka kutafuta ukuta, unaning'inia upande.
Ananitazama kama wateja walivyomtazama Baba kiooni:
fanya unalotaka, ila usiseme.

Kisha kwenye kunjo la shingo, ndani kabisa, unywele.
Mfupi, mweupe, mgumu kama uzi wa brashi.
Kinyozi hajinyoi, lakini wangu alijinyoa,
kati ya vioo viwili, mkono ukimtetemeka,
asubuhi ile teksi ya hospitali ikipiga honi.
Nikaushika kwa ncha ya kidole.
Nikawaza bahasha. Nikawaza kitabu cha sala.
Tizón akajikung'uta.
Povu likaruka kwenye kioo, kwenye kalenda, machoni mwangu,
na nilipofumbua, kidole kilikuwa kitupu.
Nikakoroga beseni kwa mkono mzima, kama mwendawazimu.
Magamba. Maji ya kijivu.

Jioni nikachukua chupa ya lozi, nikairudisha.
Kwanza nikafagia.
Sakafuni hapakuwa na unywele hata mmoja.
Nikafagia, mpaka chini ya kiti.

Halafu mlango ukabishwa: Bi Domitila, na jibini yake
imefungwa kwa gazeti.
Bado mafuta hayajaingia, nikamwambia,
atakuharibia sketi. Ingia ungoje.
Akaketi kwenye kile kiti.
Kikazunguka nusu, kikamgeuza kwenye kioo,
naye, bila kufikiri,
akajiweka sawa nywele.