Karatasi ya Behewa

Jumanne, saa nane mchana. Theluji ya Thunder Bay
imeganda kwenye nyusi za madirisha.
Baba amevaa sweta la mtu mwingine.
Shingoni limeshonwa jina: Halvorsen.
Halvorsen alifariki Novemba.

Naandika.

Miwani ina ukungu wa uji.
Kifaa cha sikio la kushoto hakipo, wiki ya tatu sasa,
na kila ninayemuuliza alikuwa likizo.
Jagi la maji limejaa pomoni,
liko dirishani, hatua nne kutoka kitini,
na tangu Krismasi Baba hajapiga hata moja.
Juu ya kiwiko, alama ya zambarau, upana wa kidole gumba.

Nafuta. Naweka changu juu yake, napima.
Naandika: kikubwa kuliko changu.

Meneja, Bi Gaudreau, ana sauti ya blanketi.
Ananimiminia kahawa, ananifungulia chati:
amekunywa, amekunywa, amekunywa,
siku saba kwa kalamu moja, mwandiko mmoja,
mkono ambao haukuinuliwa hata kupumzika.
"Unajua, wazee wa ugonjwa huu hujigonga wenyewe."
"Unajua, hata wewe umechoka."
Najua. Nimechoka.
Lakini si uchovu wangu uliomvika sweta la marehemu.

Nakiri, mwezi mzima nilinyamaza.
Nilileta keki ya iliki kwa wahudumu wote,
nikacheka palipostahili na pasipostahili,
maana saa kumi na mbili mlango wa namba za siri
hujifunga nyuma yangu, tik,
na ninayetaka kumshtaki ndiye ashikaye kijiko.

Maricel wa zamu ya usiku alinikuta kwenye maegesho,
akipasha mikono moto kwa pumzi.
"Tuko wawili," alisema. "Wao thelathini na mmoja.
Andika na hilo. Jina langu usiliandike."

Baba alikuwa mkaguzi wa nafaka,
miaka thelathini na minne kwenye maghala ya bandari.
Alizamisha mkono beheweni hadi kwapani,
akatoa ngano ya chini, akainusa, akaitafuna,
kwa kuwa, alisema, kila mtu hupakia nzuri juu.
Mwaka mmoja alikataa mabehewa kumi na tisa kwa mpigo.
Bwana mmoja akaja nyumbani na chupa yenye utepe.
Mama akanong'ona: Taisto, watoto.
Baba akairudisha chupa mlangoni:
unyevu ni unyevu.

Sasa nimeketi ubavuni pake, daftari pajani,
nasugua miwani yake kwa pindo la blauzi.
Namvisha. Ananitazama
kama mtu anavyomtazama karani mpya.
Ananyosha mkono. Nampa daftari.

Anasoma kwa midomo: sweta. Sikio. Jagi.
Wawili kwa thelathini na mmoja.
Anarudi nyuma ukurasa, anasonga mbele, anarudi.
"Nani kapakia hili?" anauliza, kwa Kifini,
lugha ambayo hajanisemesha tangu kiangazi.
Nameza mate.
"Na hii ni ya juu tu," anasema. "Umechimba?"
"Nimechimba, Baba."

Anachukua kalamu. Mkono unatetemeka
mpaka unapogusa karatasi, kisha unatulia,
na kwa herufi ndogo zilizosimama wima
kama alizozitundika kwenye mabehewa yote yale
anaandika: LIKATALIWE.
Sahihi: T. Lehtola.
Tarehe: Oktoba, 1987.

Sikuisahihisha tarehe.

Ofisi ya Bi Gaudreau ilikuwa bado wazi,
taa ikiwaka, na nilikuwa na ukurasa mkononi.
Lakini kwanza nilikwenda dirishani nikalileta jagi.
Akanywa glasi moja, akanyosha glasi.
Akanywa ya pili. Akanyosha tena.

Naandika: tatu.