Yai Yuko Hewani

Suzuki niliinunua kwenye mnada wa misheni, Ndanda,
taa moja inaona, nyingine imelala,
na chini ya dashibodi kuna kidude cheusi
chenye waya uliojisokota kama mkia wa nguruwe.
Fundi Nampoto akauliza, mama, hii redio kol niing'oe?
Iache, nikamwambia. Kaseti sina. Itanisemesha.

Ikanisemesha Nyangao, Jumatatu alfajiri,
trei sitini nyuma, zimefungwa kwa kanga mbili na dua:
"Makaa saba kwenda bandarini, tunapita Nanganga.
Nani yuko mbele?"

Nikatazama barabara.
Mbele nilikuwa mimi.

Nikabonyeza, nikakohoa.
Nikabonyeza tena: hapa kuna Suzuki ya mayai.
Kimya.
Halafu kicheko kikapita lori hadi lori
kama gia zinazopanda mlima,
na mwisho sauti nzito, ya taratibu,
sauti ya mtu aliyezoea kubembeleza breki:
"Karibu hewani, Yai. Hapa Chuma Mbili.
Ukiona kitu, sema. Ukiambiwa kitu, amini."

Kanisani mimi ni Asumta Hokororo, sauti ya pili.
Kuanzia kibao cha kwanza cha kilomita, mimi ni Yai.

Nakiri, zamani niliwalaani.
Vumbi lao jeusi kwenye kanga zangu,
honi zao zinazoamsha hata waliozikwa Mtama.
Sikujua kwamba tani thelathini hazijui hasira ya ghafla;
hata zikikuchukia, zinahitaji mita mia kusimama.
Sasa nasoma migongo yao.
Indiketa ya kushoto: pita, dada, kweupe.
Ya kulia: tulia hapo, kuku utamwachia nani?
Matawi mabichi lamini: mwenzetu kalala.
Matawi makavu: kalala tangu juzi,
na utingo anasonga ugali chini ya tela.

Septemba watu walikuwa wanachoma mashamba.
Moshi ulivuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia.
Niliingia kwenye moshi nikiwa na Suzuki,
nikatokea upande wa pili nikiwa na miguu isiyo yangu:
kwenye kona, tela la mbao, limekatika ekseli,
limekaa njia nzima, halina tawi hata moja.
Nilipita kwenye majani, sijui vipi.
Nikabonyeza kabla ya kupumua.
"Simameni. Baada ya moshi. Njia yote imezibwa. Simameni."

"Nimekupata, Yai."
"Nimekupata."
"Nimekupata."
Nilihesabu. Ya sita ilichelewa.
Nikaweka paji la uso kwenye usukani
nikasikia ute ukidondoka nyuma, tone, tone,
mpaka mtu wa sita, pumzi juu, akasema:
"Nimekupata. Nimesimama."
Wa saba alisema tu, "Mama yangu."

Trei nne zilikwenda. Sikumdai mtu.

Wiki iliyofuata, Mnazi Mmoja, kibanda cha chai.
Nilikuwa nimempa Chuma Mbili mabega ya geti,
kitambi, meno ya dhahabu, na wake wawili.
Nyuma yangu mtu akaagiza:
"Chai ya rangi, sukari kidogo, na yai la kuchemsha."
Ile ile, nzito, ya taratibu.
Nikageuka.
Kibwana chembamba, miwani imefungwa kwa uzi,
makaa chini ya kucha zote kumi.
Aliligonga yai mezani mara mbili, polepole,
kama anayebisha hodi,
akalimenya, akalitazama, akalalamika:
"Hili nalo mia tano?"

Lilikuwa langu. Nililileta mwenyewe saa moja kabla.
Ulimi ukanishinda. Nikakoroga chai isiyo na sukari.
Akalipa, akaondoka, akanipita karibu kiasi cha kunigusa bega,
akasema, samahani, mama,
kwa namna unavyomwambia mtu usiyemjua.

Niliwasha gari, nikawafuata.
Madangwa, redio ikakwaruza.
"Yai, uko wapi leo?"
Nyuma yako, nikasema.
Na mia tano ni bei ya haki.

Kimya kirefu, kilomita nzima.
Kisha lori la mbele likawasha indiketa zote mbili,
na hiyo hawajanifundisha maana yake.