Kasha Lenye Nafasi

Nilikwenda Luthuli na elfu kumi na saba
ndani ya bahasha ya kazi yangu:
mwaka mzima wa kupiga chapa viapo,
mikataba ya viwanja, barua za msamaha
za watu wasiojua kuomba msamaha.

Duka la kwanza, kijana akanionyesha
kioo chembamba, kila kitu kimo ndani,
kinang'aa kama sahani ya wageni.
"Mama, hii hutahitaji kuifungua kamwe."
Mulandi akacheka kwa pua.
"Hatahitaji, au hataweza?"

Kijana akaona mteja mwingine.

Tukapanda hadi ghorofa ya tatu,
ngazi zinanuka moshi wa kulehemu na chapati,
kwa Bi. Nyaboke, asiyeuza kilichofungwa.
Alilaza kasha jeusi juu ya gazeti,
mtumba wa ofisi fulani ya ng'ambo,
namba yao ya hesabu bado imebandikwa: 0417.
Skrubu mbili, ubavu ukatoka.
Vumbi la watu wengine. Feni. Nyaya
zimesukwa kama nywele za mtoto wa shule.

Mulandi alichomoa kisanduku cha umeme,
akakipima kiganjani kama anayenunua maini.
"Kizito. Hapa usibane shilingi, dada.
Stima ya Kayole huondoka kama mkwe aliyeudhika
na kurudi kwa kishindo.
Kisanduku chepesi hakifi peke yake."

Kisha akanionyesha pasipo na kitu.
Hapa kumbukumbu, nafasi nne, tatu tupu.
Hapa itakaa diski ya pili.
Na huu mwanya mrefu ni wa kadi ya picha,
siku Khavere atakapoanza kuchora majumba.

"Kwa hiyo nalipia matundu?"

Bi. Nyaboke hakucheka. Alinyoosha bisibisi dirishani:
juu ya paa la jengo la ng'ambo
nondo zimesimama wima, zina kutu,
zinangoja ghorofa ambayo mwenyewe hana pesa zake.
Mtu amefunga kamba baina yao, ameanika shuka.

Rahisi ni ghali, walisema wahenga,
lakini wahenga hawakusimama Luthuli
kodi ya nyumba ikiwa siku tano mbele.
Elfu kumi na tano na mia tano.
Akaongeza kebo, na kitambaa cha kufutia.

Sasa ni saa nne usiku. Kasha liko chini ya meza,
linaunguruma kama paka asiye na hakika na nyumba mpya.
Kioo ni kile kile cha zamani, chenye mstari wa kijani.
Kuwaka tu, dakika moja na nusu; nilihesabu.
Khavere anauliza inaweza kufanya nini.
Viapo, namwambia. Kwa sasa, viapo.

Kwenye kalenda ya duka la dawa nimeandika:
Aprili, giga nane.
Agosti mahakama hulala, basi hapana.
Oktoba, diski.
Desemba nimeiacha wazi.