Kiambatisho Namba Tatu

Sanduku la maoni ni la bati la kijani,
na kufuli lake dogo, la kufungia sanduku la mwanafunzi wa bweni.
Nalifungua Jumapili asubuhi,
siku saba kabla baraza halijakaa.
Karatasi zinamwagika mezani na vumbi la Ibra,
na risiti ya kahawa,
na mara moja, sijui kwa nini, kokwa ya tende.

Masharti yamebandikwa juu:
jina kamili, nambari ya simu,
mistari isiyozidi kumi.

Wengi wanaandika mashimo.
Kuna wanaotaka tuta, na wanaotaka tuta liondolewe,
na tuta ni lilelile.
Rafiqul kinyozi kaandika "mwananchi", akalikata,
akaandika "mkazi", akalikata nalo,
akaacha nambari ya duka tu:
maji machafu yanapita mlangoni.
Nimeigonga mhuri kama nyingine zote.

Halafu ikatoka ya Bi Shinuna.

Herufi za Kiarabu, safi, zimesimama wima
kama alivyofunzwa chuoni Wete, kwa wino wa masizi.
Lakini maneno yenyewe ni yetu, ya jikoni.
Mkuu wangu, Ustadhi Mundhir, akavaa miwani,
akaisoma kwa sauti.
Kila herufi anaijua. Neno hata moja halijui.
"Taa," akasoma. "Taa, tena taa.
Huyu mama anatuomba herufi?"
Nikacheka mpaka nikashika meza.
Anaomba mwanga, nikamwambia.

*Ama baada ya salamu, mimi sina makuu.
Pale njia inapoukata mfereji, nyuma ya kwa Thuwaini wa mabati,
alfajiri kiza ni cha sufuria iliyofunikwa.
Marehemu alianguka pale akienda kusali,
nyonga ikavunjika, hakusali tena wima
mpaka tulipomsalia sisi.
Simlaumu mtu. Nguzo ipo, mmeisimamisha, huu mwaka wa tatu.
Nguzo bila taa ni mgeni mrefu asiyesema.
Mimi natoka kulisha mbuzi na simu ya mjukuu mkononi,
na chaji haifiki zizini.
Nauliza tu: lini?*

Na mengine, na mengine. Mistari ishirini na miwili.

Kazi yangu ni kufupisha.
Nikaandika kwa Kiarabu cha ofisi:
"Mkazi anaomba taa kwenye kivuko cha mfereji."
Nikaitazama. Sahihi kabisa.
Hakuna aliyeanguka ndani yake.

Basi nikaibana ile asili nyuma, kwa pini,
nikaipa cheo: kiambatisho namba tatu.

Mwenyekiti ni mtu wa utaratibu, hasomi nusu.
Alisoma tarehe, akasoma hata maneno ya mhuri,
akafika namba tatu, naye akaisoma,
akijikwaa, akiburuta irabu,
uso mkavu kama anasoma bei za saruji.
Nyuma, kwenye viti vya wanawake, mtu akasema, "Masikini."
Mwingine akasema, "Arudie hapo pa nyonga."
Mwenyekiti akanitazama.
Wanaomba urudie, nikamwambia.
Akarudia.
Pakawa kimya, na yeye peke yake
hakujua kimya hicho kimetoka wapi.

Uamuzi: suala limepelekwa idara ya umeme.
Litatazamwa kikao kijacho, au kinachofuata.

Nguzo bado haisemi.
Nimepita juzi usiku, nikaipiga kofi, ikalia tupu.

Lakini Jumapili hii kufuli lilikuwa gumu kufunguka,
karatasi zimelisukuma kifuniko kwa ndani,
na tisa kati yake ni za herufi wima,
mikono tisa mbalimbali,
mmoja unatetemeka.
Ustadhi Mundhir alivuta kiti, akakaa upande wangu wa meza.
"Taa nimeshaijua," akasema.
"Hili je? Naliona kwenye kila karatasi."
Kidole chake kilikuwa juu ya *lini*.