Kupaka Tu

Mwalimu Mutheu ameniambia: Paka tu, fundi,
watoto wanarudi Jumatatu.
Amesema akielekeza funguo kwenye bembea,
kwenye ngazi, kwenye ubao wa kutelezea
uliopigwa jua na mvua hadi ukawa wa kijivu
kama mgongo wa punda wa kuuza maji.

Kupaka tu nakujua.
Nimepaka tu milango mingi mjini humu.
Rangi juu ya uozo hung'aa wiki tatu,
ya nne mtoto anaibandua kwa ukucha.

Nimeanza na msasa wa sitini.
Julai hii ya Umoja haina jua,
ina baridi, na manyunyu yasiyobisha hodi.
Nafunika kwa turubai, nafunua,
nafunika tena. Ekai, mlinzi, ananicheka:
Leo umeoa turubai.

Chini ya buluu kuna kijani.
Chini ya kijani, nyekundu ya matofali,
ya mwaka gani sijui, ya fundi gani sijui,
ila alikuwa na haraka: amepaka juu ya kutu.
Chini ya nyekundu, mbao yenyewe. Saipresi.
Niliposugua ilitoa harufu
ya siku ilipopasuliwa.

Mguu mmoja umeliwa na mchwa.
Nimeukata, nimeunga mwingine,
nimeunywesha oili chafu ya gari
pale unapoingia ardhini.

Kwenye kiti cha bembea kuna bonde.
Si ugonjwa wa mbao. Ni makalio madogo,
asubuhi baada ya asubuhi.
Mutinda alikuja na puti kwenye kibati:
Tuzibe, mzee?
Nikamwambia, hilo liache.
Hakuuliza, na angeuliza
nisingejua pa kuanzia.

Msasa wa mia na ishirini. Kisha ule laini
unaofanana na ulimi wa paka.
Napima kwa shavu, si kwa kiganja;
kiganja changu kimekuwa gome, kinadanganya.
Ekai alipita akaniona nimelaza uso
kwenye ubao wa kutelezea, macho nimefumba.
Akavua kofia. Alidhani nasali.

Vanishi mkono wa kwanza Ijumaa,
mkono wa pili Jumamosi, kukiwa na mwanga kidogo.
Nimeandika kwa chaki juu ya kipande cha katoni: MBICHI.
Mwalimu amepita akasema, Lakini haina rangi!
Nikasema, Ndiyo, Mwalimu.

Usiku Kwamboka amekishika kidole changu
chini ya tochi ya simu, sindano mdomoni.
Kibanzi kimeingia ndani, kando ya kucha.
Tulia, anasema, mtu mzima wewe.
Natulia. Kinatoka polepole,
kijivu, urefu wa punje ya mchele.
Anakiweka juu ya gazeti, tunakitazama.

Kimoja, nasema.
Sijui vilikuwa vingapi.